Kisima kimegeuka chumvi: tuchimbe zaidi, na tutie sahihi karatasi ya kampuni?

*"Tunaishi upande wa Marereni, kaskazini mwa Malindi, mwendo mfupi kutoka mabwawa ya chumvi. Kisima chetu alikichimba baba mkwe wangu na miaka yote maji yake yalikuwa baridi, hayana chumvi. Tangu mwaka juzi yamekuwa yakiingia chumvi kidogo kidogo. Sabuni haitoi povu, kunde haziivi, na minazi miwili iliyo karibu na ukuta wa bwawa imekauka. Fundi wa visima anasema tuongeze mita tatu, chini kuna maji mazuri. Kampuni nayo imetuma mtu: italeta lori la maji mara mbili kwa wiki, lakini kila mwenye nyumba atie sahihi karatasi ya kwamba hana dai lolote juu ya kisima wala shamba. Mume wangu ni kibarua huko huko kwenye chumvi. Hatuna hati ya ardhi. Mkaza mwanangu ana mimba ya miezi sita na kliniki wamemwambia presha imepanda. Je, ni mabwawa yaliyoharibu kisima? Tuchimbe? Tutie sahihi?"*

Dada yangu, naanza na mkaza mwanao, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja wiki mbili na yeye hawezi. Kuanzia leo asinywe maji ya kisima hicho wala asipikiwe nayo. Tafuteni maji baridi ya kununua, hata kama ni mtungi mmoja kwa siku wa kwake peke yake. Utafiti uliofanywa mwambao wa Bangladesh, ambako visima vya watu vimeingia chumvi kama chenu, ulionyesha kwamba wajawazito wanaokunywa maji ya namna hiyo hupatwa zaidi na presha na kifafa cha mimba. Sisemi presha yake imeletwa na kisima, maana mimba yenyewe inaweza kuipandisha. Lakini arudi kliniki wiki hii, aeleze wazi kwamba maji ya nyumbani ni ya chumvi, na apimwe presha tena pamoja na mkojo. Akishikwa na maumivu ya kichwa yasiyotulia, akaona ukungu machoni, akaumwa juu ya tumbo au akavimba uso na mikono ghafla, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Na msiyachemshe mkitumaini chumvi itapungua. Maji yakichemka, mvuke huondoka na chumvi hubaki sufuriani, kwa hiyo yaliyobaki huwa na chumvi zaidi kuliko mwanzo. Dawa ya klorini huua vijidudu tu, na shabu na mbegu za mlonge hushusha tope. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa chumvi. Nasema hivi kwa sababu nimeona nyumba zinazotia dawa maradufu zikiamini maji yatakuwa matamu.

Sasa kisima. Ukinielewa hapa utajua mwenyewe la kumjibu fundi.

Chini ya ardhi yetu ya pwani, katika mchanga na jabali la matumbawe, kuna maji ya aina mbili. Maji ya bahari yameingia chini ya nchi kavu tangu zamani na yamekaa huko. Maji ya mvua hupenya kutoka juu na, kwa kuwa ni mepesi zaidi, huelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima chenu kimekuwa kikinywa katika tabaka hilo jembamba la juu. Mji wa Lamu umeishi kwa namna hiyo hiyo: maji yake ya kunywa hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, vinavyomeza mvua na kuihifadhi juu ya maji ya bahari, na ndiyo maana watu wa Lamu hupiga kelele kila mtu anapotaka kuuchota mchanga ule au kujenga juu yake.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg, kila mmoja kwa wakati wake, walipata kanuni tunayoitumia hadi leo. Kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo kabla ya kukutana na chumvi. Ni habari njema hadi uigeuze. Maji ya kisimani yakishuka sentimita 20 tu, kwa ukame au kwa kuchotwa sana, mpaka wa chumvi chini yake hatimaye hupanda karibu mita 8. Kwenye nchi tambarare kama yenu, ambako maji ya ardhini hayako juu sana ya bahari, nafasi ya kukosea ni ndogo.

Kwa hiyo msiongeze mita hizo tatu. Fundi wenu hasemi uongo kwa makusudi. Kule bara, kwenye miamba, kuchimba zaidi mara nyingi huleta maji zaidi na bora. Hapa kwenu chini ndiko iliko chumvi, na kila mita mnayoongeza mnaisogelea. Mkishautoboa mpaka ule, kukirudisha kisima kilivyokuwa ni kazi ngumu, na huenda isiwezekane. Kama fedha ya kuchimba ipo tayari, ina kazi bora nitakayoitaja.

Je, ni mabwawa? Inawezekana sana, nami nitakueleza ni kwa njia gani, ili usije ukasimama mbele ya ofisa ukaishia kusema "tunahisi."

Chumvi ya Gongoni na Marereni haichimbwi kwa sururu. Maji ya bahari huingia kwa mikondo wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa sana, pampu huyapandisha kwenye bwawa la kwanza, kisha yanahamishwa bwawa hadi bwawa huku jua na upepo wa kaskazi vikiyakausha. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Yanapobaki kama sehemu moja ya kumi ndipo chumvi huanza kuganda, na hapo maji hayo ni mazito kiasi kwamba lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.2.

Angalia mambo mawili katika kazi hiyo. La kwanza, bahari imesogezwa. Zamani kati ya kisima chenu na maji ya chumvi kulikuwa na mikoko na nchi kavu. Sasa ufuo wenu ni ukuta wa bwawa. La pili ndilo wengi hawalifikirii: maji yale yameinuliwa kwa pampu, yamesimama juu kuliko yalivyo maji ya ardhini mwenu. Kwa maumbile, maji baridi hutiririka chini kwa chini kutoka bara kwenda baharini na kuizuia chumvi. Bwawa lililoinuliwa linaweza kuugeuza mwendo huo, chumvi ikasukumwa kuelekea kwenu. Tope zito la mikoko sakafuni mwa bwawa huzuia sana uvujaji. Lakini bwawa likichimbwa juu ya mchanga, au tope likikwanguliwa wakati wa kuvuna, maji hupenya, na kwa uzito wake huzama moja kwa moja. Kuta nazo huzuia maji ya mvua yaliyokuwa yakienea na kuilisha ardhi. Na yale maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kuvunwa, yenye magnesiamu nyingi, yakimwagwa ovyo huunguza kila kitu kinachoota.

Hata hivyo lazima niwe mwadilifu kwako na kwa kampuni pia. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu, ulishusha maji ya visima pwani nzima, na visima visivyo na bwawa lolote karibu viliingia chumvi. Kama jirani ameweka pampu ya petroli anamwagilia shamba, pampu hiyo peke yake inaweza kuivuta chumvi juu hadi kwenu. Tena kampuni zilichagua ukanda huo kwa sababu una nyika za chumvi za asili. Si kila chumvi iliyo chini ya ardhi hapo imeletwa na mtu. Hata minazi hiyo miwili nataka ukaiangalie tena. Mnazi huvumilia chumvi kuliko mwembe au mchungwa, kwa hiyo mnazi ukifa na mwembe wa karibu bado ukiwa mzima, nashuku kitu kingine. Tazama kileleni kama kuna matundu ya chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Mkienda kulalamikia minazi iliyoliwa na mdudu, hata dai lenu la kweli la maji litachekwa.

Dawa ya shaka hii ni kupima, na kupima kwenyewe hakuhitaji shahada. Kuna kidude cha ukubwa wa kalamu nene, bei yake shilingi elfu chache, kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikizidi, namba hupanda. Maji ya bahari husoma karibu 50,000 kwa kipimo cha maikrosimensi (µS/cm). Yakisoma chini ya 1,500 hivi, kwa upande wa chumvi yanafaa kunywewa. Hapo ni sawa na takriban miligramu 1,000 za chumvi na madini kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema maji yakikipita huanza kutonyweka. Kijiji kinaweza kuchanga na kununua kimoja.

Chagueni visima vitano au sita vinavyofuatana kutoka ukuta wa bwawa kwenda bara, na vingine viwili vilivyo mbali na mabwawa lakini umbali huo huo kutoka baharini au kwenye mkondo. Pimeni vyote siku moja, alfajiri, kabla ndoo hazijaanza kuteremshwa. Andikeni namba, tarehe, na kina cha maji kutoka mdomo wa kisima. Rudieni wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, na tena wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo. Mwendeleze hivyo miezi, kaskazi hadi kusi. Chumvi ikipanda na kushuka pamoja na bamvua, kisima kinaongea na bahari au mkondo. Ikiwa haijali bamvua ila inapanda mabwawa yanapojazwa, na visima vya karibu na ukuta vina chumvi zaidi ya vile viwili vya mbali, basi mna jambo la kusema. Na iwapo kisima chochote kitasoma zaidi ya bahari yenyewe, kipigieni mstari. Bahari haiwezi kutoa maji yenye chumvi kuliko ilivyo. Maji hayo yamekaushwa juani mahali fulani kwanza, kwenye mabwawa au kwenye nyika za asili, na kutenganisha hayo mawili ni kazi ya maabara.

Kwa maabara, chukueni chupa safi ya lita moja, isuuzeni mara tatu kwa maji ya kisima hicho hicho, ijazeni hadi kooni pasibaki hewa, andikeni jina la kisima, tarehe na saa, na wawepo mashahidi wawili, mmoja awe mzee wa mtaa. Ombeni wapime sodiamu, kloraidi, magnesiamu, salfeti na naitreti. Naitreti naiongeza kwa sababu ikiwa juu, mara nyingi tatizo la pili ni choo kilicho karibu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Mombasa. Hapa ndipo mnapohitaji mtaalamu wa maji ya ardhini afike kwa miguu yake, apime usawa wa maji ya bwawa na ya visima kwa chombo. Kwa barua siwezi kukufanyia hilo, na anayedai anaweza asiaminiwe.

Wakati mnapima, mtakunywa nini? Fedha ile ya kuchimba inunue tangi na mfereji wa paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Bati la mita 6 kwa 5 likinyeshewa milimita 20, hata ukipoteza sehemu ya tano, ni lita 480, yaani mitungi 24. Watu sita wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupikia tu, tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa masika linawafikisha karibu na vuli. Kama paa ni la makuti, ezekeni bati jiko peke yake, maana makuti hubadilisha rangi ya maji na hukaa wadudu. Mvua ya kwanza imwageni, ioshe paa kwanza. Watu wa visiwa vya Lamu na Pate walijenga majabia ya kukinga mvua vizazi vingi kabla ya matangi ya plastiki, kwa sababu walijua visima vyao havitoshi. Kisima chenu kibaki cha kufulia na kuogea, na kichotwe kwa ndoo, taratibu, bila pampu. Mashine za kuchuja chumvi zipo, lakini hutaka umeme, vipuri na mtu wa kuziangalia, nazo hutoa maji taka yenye chumvi kali zaidi. Sizipendekezi kwa nyumba moja.

Tunafika kwenye karatasi. Msitie sahihi ilivyo. Lori la maji mara mbili kwa wiki ni msaada mzuri na mnaweza kuupokea, lakini msaada ni kitu kimoja na kuacha haki yenu juu ya kisima na shamba ni kitu kingine. Kuviweka viwili hivyo katika karatasi moja si sawa, na naona kama kampuni haina la kuogopa isingehitaji sahihi hizo. Jibuni kwa maandishi kwamba mnapokea maji bila kuacha dai lolote. Ulizeni pia: lita ngapi kwa kila nyumba, kwa muda gani, nani anayapima, lori likiharibika itakuwaje? Kabla ya kutia sahihi chochote, mwanasheria akisome. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ina ofisi Mombasa na inaweza kuwaelekeza pa kumpata. Malalamiko ya ukanda wenu si mageni kwao. Mwaka 2006 tume hiyo ilitoa ripoti ya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi Magarini, ambapo wakaazi walieleza habari za kuondolewa katika ardhi, mikoko kukatwa, visima kuingia chumvi na hali ya vibarua.

Wala kukosa hati kusiwafunge midomo. Hati inahusu nani anamiliki ardhi. Maji safi na mazingira safi ni haki ya kila mtu katika Katiba ya 2010, vifungu vya 42 na 43, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira hayo bila hata kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Wavuvi wa Lamu hawakuwa na hati ya bahari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa Malindi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya uvuvi iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Na watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliposhinda kesi ya sumu ya madini ya risasi mwaka 2020, dai lao lilisimama juu ya vipimo vya damu. Kesi hizi huchukua miaka, sitaki kukudanganya. Ndiyo maana nataka daftari lianze sasa.

Kabla ya mahakama kuna ofisi. Pelekeni nakala ya vipimo NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na muombe kwa maandishi ripoti za ukaguzi wa mazingira ambazo kiwanda hutakiwa kuwasilisha kila mwaka. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Kila barua iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri hupotea.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa sababu najua ndiye anayekunyima usingizi. Sisemi viwanda vifungwe. Familia nyingi huko hula kwa kibarua cha chumvi, na mtu anayehubiri vifungwe aseme kwanza watoto watakula wapi. Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja hana tena hadhi ya kibarua wa siku. Lakini wewe na mimi tunajua jinsi inavyokuwa asubuhi getini: jina haliitwi tu, na hakuna aliyesema amefukuzwa. Kwa hiyo jina lake lisiwe kwenye barua, wala lako. Barua iandikwe na kamati ya maji ya kijiji, na sahihi zitiwe na wazee na kina mama ambao hawana mtu kwenye mabwawa. Katiba inawaruhusu. Yeye akusaidie kwa jambo moja ambalo nyinyi wengine hamlioni: tarehe ambazo mabwawa ya upande wenu yanajazwa na kumwagwa. Aziweke kichwani, wewe uziandike nyumbani, pembeni mwa vipimo vya kisima.

Mkishapata namba za bamvua mbili na maji mafu mawili, nitumie pamoja na mchoro wa visima na ukuta wa bwawa, hata kama umechorwa kwa mkono. Hapo nitakuambia kwa uhakika zaidi kama kuna haja ya kumleta mtaalamu na apime wapi. Mkaza mwanao asingoje hizo namba. Kliniki ni wiki hii.